Samaki Anasikia Maji: Trauti, Matope na Swali Lililochukua Karne Kadhaa

Mvua ya masika ikinyesha usiku kucha juu ya milima ya Aberdare, asubuhi Mto Chania pale Nyeri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiingiza mkono hadi kwenye kiwiko, vidole vyako huvioni. Mjomba wangu alifanya kazi ya kuwasindikiza wageni wanaovua trauti katika mito hiyo, na alikuwa akitusimulia kwamba asubuhi kama hiyo wageni wengi walifunga mizigo. Wenye subira walibaki. Yeye alifungua kikopo chake, akapita nzi wote wadogo wa kupendeza, akachagua mmoja mkubwa, mweusi, mwenye manyoya yaliyotimka kama mtu aliyetoka kitandani. Mgeni akiuliza samaki atamwonaje nzi mweusi kwenye matope, mjomba alijibu kwa kifupi: "Si lazima amwone. Anasikia maji."

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilipofika chuo kikuu ndipo nikagundua kwamba wanasayansi walihitaji karne kadhaa kufika pale alipokuwa mjomba.

Nzi asiyeruka

Tuanze na nzi mwenyewe. Katika uvuvi huu chambo si nyungunyungu wala kipande cha ugali. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya, sufu na uzi hadi ifanane na mdudu. Nzi huyo bandia ni mwepesi mno kurushwa, kwa hiyo mvuvi hurusha mshipi, ambao ndio wenye uzito, na nzi hufuata nyuma yake. Ufundi huu ni wa kale. Mwandishi Aelian, aliyeishi Roma miaka ya 200 hivi, aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano ili kuwadanganya samaki wenye madoa.

Lakini sheria zinazofuatwa hadi leo zilitungwa kusini mwa Uingereza, kwenye mito ya Hampshire kama Test na Itchen. Maji ya mito hiyo hutoka chini ya miamba ya chokaa yakiwa yamechujwa, ndiyo maana huwa mang'avu kama kioo. Mvuvi husimama ukingoni na kumwona samaki mmoja mmoja. Katika mazingira hayo Frederic Halford alitoa vitabu vyake, cha kwanza mwaka 1886, akifundisha kwamba nzi aelee juu ya maji, afanane kabisa na mdudu anayeliwa wakati huo, na arushwe kwa samaki aliyekwisha kuonekana. Mwaka 1910 G. E. M. Skues alimpinga, akasema nzi anaweza pia kupita chini ya maji. Mabishano yao yaliendelea kwa muda mrefu.

Angalia jambo moja: wote wawili walikuwa wakizungumzia maji safi. Kwenye maji safi swali kubwa ni "samaki anaona nini?" Wavuvi wakajaza kurasa kwa habari za rangi, umbo na urefu wa mabawa. Macho ya samaki yalijibu kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kama samaki ana njia nyingine.

Mayai ndani ya barafu

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Yeye ni samaki wa maji baridi wa nchi za kaskazini, na aliletwa. Kilichowezesha safari zake ndefu ni ugunduzi kwamba mayai yakiwekwa kwenye baridi ya barafu hukawia kuanguliwa. Mwaka 1864 meli ya Norfolk ilisafirisha mayai ya samoni, pamoja na mayai machache ya trauti, kutoka London hadi Australia kwa karibu miezi mitatu. Yale ya trauti yaliyofika Tasmania na kuanguliwa yalizaa kizazi kilichoenea huko. Baada ya hapo wakoloni wa Kiingereza walimpeleka trauti karibu kila mahali walipokuta mlima wenye maji baridi, na katika baadhi ya sehemu hizo, kwa mfano New Zealand, samaki wa asili waliumia vibaya.

Kenya zamu ilifika mwaka 1905. Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa Mto Gura kwenye Aberdare. Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua waliletwa kutoka Afrika Kusini. Baadaye, mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti pale Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri.

Pamoja na samaki vikaja vitabu na kanuni za Hampshire. Shida ni kwamba mito yetu haitoki kwenye chokaa. Inateremka kwa kasi kwenye miteremko ya volkano yenye udongo mwekundu, na masika yakifika inachafuka ndani ya saa chache. Na wenyeji walioajiriwa kubeba mizigo ya wavuvi hawakuwa na sababu ya kuviamini vitabu. Kwa desturi ya Wakikuyu wa zamani samaki hakuwa chakula. Walimtazama mnyama huyu mgeni kwa macho mapya, wakaona anachofanya.

Mstari wa ubavuni

Mchukue samaki kama trauti, umtazame ubavuni. Utaona mstari mwembamba unaotoka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Ukiusogelea zaidi utakuta ni safu ya vitundu vidogo kwenye magamba.

Katika miaka ya 1660 Niels Stensen wa Denmark alieleza vitundu vya namna hii kwenye ngozi ya samaki. Kwa kuwa samaki huteleza, wataalamu walihitimisha kwamba ni mifereji ya kutoa ute. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na yalidumu kwa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1850 Mjerumani Franz Leydig alitazama kwa hadubini na kukuta kwamba mishipa ya fahamu inaingia humo. Tezi ya ute ya nini kuwa na mishipa mingi hivyo? Mwaka 1861 mwenzake, Franz Eilhard Schulze, aliwatazama samaki wachanga na viluwiluwi vya salamanda wakiwa hai. Aliona vinywele vidogo vikichomoza mwilini na kuinama maji yanaposogea. Kumbe chombo hiki kinapima mwendo wa maji!

Hapo likazuka swali jipya: je, ni aina ya sikio au ni aina ya ngozi inayogusa? Wengine walisema samaki husikia sauti kwa mstari huo, wengine wakakataa. Katika miaka ya 1930 Mholanzi Sven Dijkgraaf alifanya majaribio kwa samaki wasioona. Aliwasogezea kitu polepole bila kuwagusa, na samaki wakageuka kukielekea. Alihitimisha kwamba samaki hugusa kwa mbali: kitu kikisogea husukuma maji, na msukumo huo humfikia samaki kabla ya kitu chenyewe.

Hapa lugha yetu ina bahati. Sisi tunasikia sauti, lakini pia tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Ugomvi wa "ni kusikia au ni kugusa" ni mgumu hata kuuandika kwa Kiswahili, kwa sababu neno letu linabeba yote mawili. Na baiolojia iko karibu na neno hilo: seli zenye vinywele kwenye mstari wa samaki ni za jamii moja na zile zilizo ndani ya sikio lako. Mjomba aliposema samaki "anasikia maji", hakuwa anatumia tamathali. Alikuwa anaeleza.

Kwa nini mweusi, kwa nini mkubwa

Tusizidishe, hata hivyo. Trauti bado ni mwindaji wa macho. Mwaka 1992 Barrett, Grossman na Rosenfeld walipima umbali ambao trauti wa upinde wa mvua huanza kumfuata mdudu. Uchafu wa maji ulipofika kipimo cha NTU 15, umbali huo ulishuka hadi asilimia 80 ya ule wa maji safi. Kwenye NTU 30 ulibaki asilimia 45. Upande wa pili, mstari wa ubavuni hufanya kazi karibu tu, kama urefu wa mwili wa samaki mara moja au mbili. Kwa trauti wa sentimita 30, hiyo ni kama rula moja au mbili za shuleni.

Sasa vitendo vya mjomba vinaeleweka kimoja kimoja. Nzi mweusi, kwa sababu samaki akitazama juu mwanga wa mbingu hubaki nyuma ya nzi, na cheusi hukata kivuli kizito kuliko rangi nyingine. Mkubwa na mwenye manyoya mengi, kwa sababu husukuma maji zaidi. Polepole na kando ya ukingo, kwa sababu mto ukifurika trauti hukimbia mkondo wa katikati na kujibanza pembeni, na nzi lazima apite ndani ya zile rula mbili. Ndiyo maana pia alirusha mara kumi pale pale ambapo mgeni angerusha mara moja na kuhama.

Matope yana gharama

Ningeweza kuishia hapo, lakini hadithi ya samaki anayeshinda matope haijakamilika. Mwaka 2001 Sweka na Hartman walichapisha utafiti kuhusu trauti wa vijito wa Marekani waliofugwa kwenye maji ya viwango tofauti vya uchafu. Samaki waliendelea kula, ila waliacha kusubiri chakula kiletwe na mkondo, wakaanza kuzunguka kukitafuta. Nguvu nyingi zikaishia kwenye kutafuta, na ukuaji ukapungua kadiri uchafu ulivyoongezeka. Mayai nayo hutagwa katikati ya changarawe, na tope laini likijaza nafasi hizo oksijeni haipiti. Yanakufa kimyakimya.

Na tope hilo ni udongo wa juu wa shamba la mtu. Lile linaloziba changarawe ndilo linaloteremka hadi kwenye mabwawa ya Tana na kwenye mitambo ya maji ya Nairobi. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi kwa sababu hiyo: ni nafuu kumsaidia mkulima wa juu kupanda nyasi na kuchimba matuta kuliko kusafisha maji huku chini.

Mjomba amestaafu, lakini bado hushuka mtoni baada ya mvua. Ana kipimo chake kisichohitaji betri. Anaingia hadi magotini na kutazama chini. Akiona ncha za viatu vyake, anavua. Asipoziona, hata nzi mweusi hamtoi kwenye kikopo. Anapanda kurudi nyumbani. Siku za kurudi nyumbani, anasema, zimekuwa nyingi kuliko zile za ujana wake.