Bogenvilia: Kichaka, Rangi na Jina

Bogenvilia, kichaka chenye miiba kinachofunika kuta za nyumba nyingi za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, asili yake ni Amerika ya Kusini, na historia ya kutambuliwa kwake na wataalamu wa mimea wa Ulaya inaanzia Rio de Janeiro mwaka 1767, meli za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville zilipotia nanga huko zikiwa katika safari ya kuizunguka dunia. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa msafara huo, alikiona kuwa kigeni, akakipa jina la mkuu wake.

Ugumu wa kukitambua umo katika rangi yake. Vile vipande vyembamba kama karatasi, vya zambarau, vyekundu au vya rangi ya chungwa, ambavyo watu huviita maua, kwa hakika ni brakti, yaani majani yaliyobadilika umbo na rangi, na kipande kimoja kikiinuliwa kwenye mwanga, mishipa yake huonekana wazi kama ya jani lolote. Ua lenyewe ni mrija mdogo mweupe ulioshikamana na mshipa wa kati wa brakti, na kwa kawaida maua hukaa matatu pamoja, kila moja na brakti yake. Mtaalamu wa mimea Antoine-Laurent de Jussieu, aliyelichapisha jina alilolitoa Commerson mwaka 1789, hakuhadaiwa na rangi.

Ingawa sifa ya kukitambua kichaka hicho ilimwendea Commerson, yeye alisumbuliwa na kidonda cha mguu wakati wa safari, na kazi ya kubeba vifaa na kukusanya mimea ilimwangukia msaidizi wake, Jeanne Baret, aliyevaa mavazi ya kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kusafiri katika meli za kijeshi za Ufaransa. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba yeye ndiye aliyekichuma kichaka hicho, na hoja yao ina uzito mkubwa. Commerson alikusudia kuuita mmea mwingine Baretia, lakini jina hilo halikudumu, jambo ambalo ni dhuluma kwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Baret alifariki mwaka 1807. Mwaka 2012 ndipo mmea wa Ekuado na Peru, ulio jenasi moja na nyanya na biringanya, ulipopewa jina Solanum baretiae.