Kidole tumbo: nusukaputi au ganzi ya mgongo?

Mgonjwa wa kidole tumbo anapofikishwa hospitalini hapa Maskati, swali lake kabla ya kutia sahihi karatasi ya ridhaa mara nyingi ni lile lile: nitalazwa usingizi, au nitakuwa macho? Swali ni fupi, lakini jibu lake limebadilika mara kadhaa katika muda wa zaidi ya karne moja.

Nusukaputi ndiyo kongwe. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mtu asihisi kisu. Mwaka uliofuata, James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu. Juni 1902, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alilazwa usingizi na kutolewa usaha uliotunga kwenye kidole tumbo, zikiwa zimebaki siku 2 tu kabla ya kutawazwa. Sherehe zikaahirishwa hadi Agosti.

Hata hivyo, usingizi huo ulikuwa na hatari zake. Ili misuli ya tumbo ilegee, mgonjwa alizamishwa katika usingizi mzito uliokaribia mauti. Aliyeletwa kwa dharura akiwa na chakula tumboni aliweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni.

Njia ya pili ilizaliwa Kiel, Ujerumani, Agosti 1898. August Bier alichoma kokeini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, kisha akampasua mguu mgonjwa aliyekuwa macho. Siku chache baadaye, yeye na msaidizi wake, Hildebrandt, wakajaribiana wenyewe. Msaidizi alipigwa nyundo mguuni asihisi maumivu, lakini baadaye wote wawili waliumwa vibaya na kichwa.

Faida na kasoro za ganzi hiyo zilijulikana mapema. Misuli hulegea, mgonjwa hupumua mwenyewe, wala hauhitajiki mtambo mkubwa. Kwa upande mwingine, presha huweza kushuka ghafla, utumbo unapovutwa mgonjwa huona kichefuchefu, na upasuaji ukirefuka ganzi huisha.

Kwa nchi zisizokuwa na mitambo wala wataalamu wa usingizi, faida hizo hazikuwa ndogo. Hapa Oman, hadi mwaka 1970, tiba ya kisasa ilitegemea kwa sehemu kubwa misheni ya Wamarekani. Dokta Sharon Thoms alifariki dunia Matrah mwaka 1913; mwanawe, Dokta Wells Thoms, alianza kazi katika mji huo huo mwaka 1939 na kuitumikia hospitali yake kwa takriban miaka 30. Katika mazingira ya namna hiyo, daktari hujiuliza kwanza ni njia ipi anayoweza kuisimamia kwa usalama.

Mizani ilielemea upande wa nusukaputi tarehe 23 Januari 1942. Mjini Montreal, Kanada, Harold Griffith alimchoma mgonjwa wa kidole tumbo dawa iliyotokana na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Misuli ikalegea bila kuhitaji usingizi mzito. Mwaka 1947, huko Chesterfield, Uingereza, wagonjwa wawili walipooza miguu baada ya kupewa ganzi ya mgongo siku moja, na madaktari wengi wa nchi hiyo wakaiogopa kwa miaka mingi.

Kisha, mwaka 1980, katika mji ule ule wa Kiel, Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba katika matundu madogo. Njia hiyo huhitaji tumbo lijazwe gesi, ambayo husukuma kiwambo cha kupumulia na kuleta maumivu ya bega. Ndiyo sababu, panapotumika kamera, wataalamu wengi huchagua nusukaputi, ingawa ganzi ya mgongo imewahi kutumika kwa mafanikio kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu.

Mwaka 2015, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na huduma ya usingizi iliyo salama na ya gharama wanayoimudu. Kwao, na hata kwetu wenye hospitali kubwa, swali la kulala au kuwa macho halitoshi. Inafaa pia kuuliza: ni nani atakayekaa kichwani pangu, akiangalia pumzi na presha yangu tangu mwanzo hadi mwisho?