Android Tupu ama ya Kuvalishwa? Kwanza Tukumbuke Tulikotoka

Wasee, kuna ile stori kwamba simu ya maana ni yenye Android tupu, vile Google wameitoa, na hizi za kuvalishwa na kampuni ni takataka. Hata mimi nilikuwa naimba huo wimbo. Halafu nikaangalia historia kidogo.

Mwaka wa 2011 Safaricom walikuwa wanauza Huawei IDEOS kwa kama shilingi 8,000 hivi. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo ilikuwa Android ya kwanza kushika. Programu yake ilikuwa karibu tupu kabisa. Shida? Laini moja tu. Na unajua hapa kwetu mtu ana laini ya M-Pesa, halafu ana nyingine ya bundles za bei poa.

Google walikuja kuweka laini mbili ndani ya Android yenyewe 2015, toleo la 5.1. Kabla ya hapo nani alikuwa anatushughulikia? Ni akina Tecno na wenzao, waliofungua Android wakaongeza wenyewe. Kwa hivyo kuvalisha simu haukuwa ujinga. Aliyeshona nguo hakuwa ametupima.

Agosti ya mwaka huohuo, Google wakaleta Android One Afrika, Kenya ikiwemo, kupitia Infinix Hot 2. Android tupu, apdeti kutoka Google, bei ya chini. Leo Infinix hao hao wanatuuzia simu zenye XOS yao.

Lakini siwapaki mafuta. Simu yangu ya kwanza ya kurekodi nilinunua nikitoka campo, 16GB. Karibu nusu ilikuwa imekaliwa na mfumo na programu ambazo hazitoki hata ulie. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa harusi. Katikati ya viapo, simu ikaandika: nafasi imejaa. Pesa ya watu nilirudisha yote, na aibu nikabaki nayo.

Kwa hivyo mimi siulizi tena kama ni tupu ama imevalishwa. Dukani nauliza apdeti za usalama zitakuja miaka mingapi. Naiwasha, naangalia nafasi iliyobaki, kisha najaribu kutoa programu moja iliyokuja nayo. Ikikataa, ujue unanunua nyumba yenye mpangaji ndani, na kodi hatakulipa.