Homoni na taswira ya nafsi

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri ndani ya damu hadi kwenye viungo zinakofanya kazi. Husimamia ukuaji, njaa, usingizi na uzazi. Huchangia pia namna mtu anavyojiona: jasiri au mnyonge, kijana au mchovu. Ila imani ya mtu juu ya homoni nayo ina nguvu zake, na ni rahisi kuzichanganya hizo mbili.

Aliyezichanganya waziwazi ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mzaliwa wa Port Louis, Mauritius. Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, aliwatangazia wenzake jijini Paris kwamba alikuwa akijidunga majimaji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na simbilisi. Alidai amerudi ujanani: anapanda ngazi mbiombio, anakaa maabara saa nyingi bila kuchoka. Hata mkojo wake aliupima, akasema sasa unaruka mbali zaidi! Dawa ikapata wateja Ulaya na Marekani. Kumbe korodani hazihifadhi akiba ya testosteroni, na homoni hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo ndani ya sindano zile haikuwemo ya kutosha kumbadilisha mtu. Mzee alijisikia kijana kwa sababu aliamini.

Mwaka 2010 watafiti wa Zurich, Uswisi, walilipima jambo hilo kwa wanawake 121 waliogawana fedha katika mchezo wa kupatana. Waliopewa testosteroni kweli walitoa mgawo wa haki zaidi. Walioamini kwamba wamepewa, wawe wamepewa au la, walikuwa wabanaji. Wanaopenda kusema mkorofi fulani "homoni zimempanda" wana la kujifunza hapo.

Thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, haingoji imani ya mtu. Ikizorota, mwenyewe huhisi baridi, huongezeka uzito, husahau, hupoteza hamu, kisha hujilaumu kwa uvivu. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Richard Asher alieleza habari za wagonjwa 14 waliopatwa na wazimu kwa sababu ya upungufu wa homoni za tezi hiyo. Wengi walipata nafuu walipotibiwa kwa dawa ya thairoidi. Siku hizi upungufu huo hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na mwenye dalili hizo kwa wiki kadhaa aende akapimwe.