Chogo, PAL na Bata Asiyekufa

Vijana wanaoniletea konsoli walizoachiwa na kaka zao, hapa karakana kwangu Ngamiani, Tanga, huuliza jambo moja: nichomeke kwenye TV gani? Wengi wanadhani jibu ni inchi. Mimi huwauliza kwanza mashine imetoka wapi: Japani, Ulaya, au kwenye viwanda vya kuiga vya Asia? Mashine zile hazikuwahi kujitosheleza. Waliozitengeneza walijua nusu ya kazi ya picha itafanywa na TV ya chogo, ile ya tyubu, na michezo yao waliichora wakiitegemea hiyo.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo kabisa. Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer na kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1972, haikuweza kuchora uwanja wala rangi. Ilitoa vidoti vyeupe na mstari, basi. Uwanja wenyewe ulikuja kwenye boksi, umechapwa juu ya karatasi za plastiki za kubandika kwenye kioo cha TV. Karatasi zilikuwa za saizi mbili, kwa kuwa TV za wateja hazikulingana. Kwa hiyo kijana wa Ngamiani anauliza alichojiuliza mnunuzi wa kwanza.

Huku kwetu swali lilichelewa kwa sababu TV yenyewe ilichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja, maana Mwalimu Nyerere aliiona ni anasa kwa nchi iliyokuwa bado inahangaikia visima na zahanati, mpaka mwaka 1994 ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Sisi wa pwani tulikuwa tukijiibia ya Zanzibar kidogo, antena juu ya mlingoti, uso umeelekezwa baharini. Mwaka huohuo wa 1994, mwezi wa Desemba, Sony walitoa PlayStation kule Japani. Nintendo walikuwa wamekwisha kutoa Famicom yao tangu 1983, na nakala zake za bei rahisi, zenye kaseti za njano, zikatufikia sisi kwa kuchelewa. Ndiyo maana kwa mtoto wa Tanga kaseti na diski si enzi mbili. Vyote vilikuja karibu kwa mpigo mmoja, na TV juu yake.

TV zilizokuwa na maana kwangu ni zile zilizopitia Dubai. Ghuba ilikuwa imechanganyika: Saudia walitumia SECAM, majirani zao PAL, na mfanyabiashara wa Dubai hakutaka kumkosa mteja yeyote, kwa hiyo aliuza TV zinazopokea kila kitu. Nyuma yake, kwenye kibandiko, ziliandikwa PAL/SECAM/NTSC na namba 3.58 na 4.43. Mwenye kibanda cha gemu aliyejua kazi alisoma kibandiko kabla ya kusoma jina la kampuni.

Sababu ni hii. PAL, mfumo wetu, una mistari 625 na unachora kioo mara 50 kwa sekunde. NTSC ya Japani na Marekani ina mistari 525 na mara 60. Ukichomeka mashine ya Japani kwenye TV ya PAL tupu, moja kati ya mawili: picha inapanda juu bila kutulia, au inatulia bila rangi. Kupanda kulitibika kwa TV zenye kinobu cha V-HOLD nyuma. Rangi haikutibika kwa kinobu. Nimewahi kukuta kibanda kimejaa watu wanacheza mpira wa kijivu dhidi ya kijivu, mabishano hayaishi nani ni nani, na mwenye kibanda anapokea hela ya kila mechi bila wasiwasi.

Aliyekwepa shida hiyo kwa kununua mashine ya Ulaya alipata nyingine asiyoijua. Gemu nyingi za NTSC zilihamishiwa PAL bila kurekebishwa, zikaenda kwa mapigo 50 badala ya 60, yaani pungufu kama asilimia 17, na ukanda mweusi juu na chini. Sonic wa mwaka 1991 kwenye Mega Drive, anayesifiwa kwa mbio, Ulaya alikimbia taratibu na muziki wake ukaburuta. Waliokua naye hivyo humwona wa Japani ana haraka za bure.

Sonic huyohuyo ananisaidia kueleza kioo. Maporomoko ya maji kwenye hatua yake ya kwanza yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja una rangi, mwingine hauna. Kwenye TV ya chogo, kwa waya wa njano wa AV, mistari ile inayeyuka na kuingiliana, ukapata maji unayoona mandhari nyuma yake. Kwenye TV bapa yenye picha kali mnato unakatika: unaona nondo za dirisha. Mchoraji hakukosea. Aliuhesabu uchafu wa waya kama rangi yake mojawapo.

Kuna na jambo la mistari. Konsoli za zamani zilituma mistari kama 240 tu, zikiirudia palepale, na tyubu ikaacha nafasi nyeusi kati ya mstari na mstari. TV bapa nyingi zikipokea ishara hiyo hudhani ni nusu mbili za picha moja, zinaanza kuziunganisha. Matokeo yake kivuli kilichochorwa kwa kuwashwa na kuzimwa harakaharaka kinapotea kabisa, na kingo za kila kitu zinachanika.

Lakini mimi nikitaka kumaliza ubishi natoa bunduki. Zile nakala za Famicom zilikuja na bunduki ya plastiki na gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt ya Nintendo ya mwaka 1984. Watu walidhani bunduki inapiga kitu. Haipigi, inatazama. Mdomoni mwake mna jicho la kupokea mwanga. Ukivuta kifyatuo, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali pa bata panachorwa mraba mweupe. Jicho likiuona mwanga kwa wakati ule, bata amekufa. TV ya chogo inachora mstari papo hapo ishara inapofika. TV bapa inaipokea picha, inaipima upya, inaionyesha baadaye kidogo, na ule uchelewaji wa sehemu ndogo ya sekunde unatosha. Isitoshe bunduki nyingi zimefungwa zisikubali mwanga usiocheza kwa kasi ya mistari ya tyubu. Lenga utakavyo, gusisha mdomo kwenye kioo: bata anaruka, na mbwa anakucheka.

Vibandani chogo liliteseka. Wenye vibanda walipenda kuweka spika kubwa ubavuni mwa TV, na sumaku ya spika ikavuta rangi, kona moja kijani, nyingine zambarau. Waliniita wakidhani tyubu imekufa. Nilisogeza spika, nikapitisha koili ya kuondoa sumaku, nikalipwa. Nyingine ziliungua kweli: ubao wa magoli ulikaa kona ileile mwaka baada ya mwaka, mpaka ukaonekana hata kwenye taarifa ya habari.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Wengi walisema chogo limekwisha. Halikuisha siku ile, kwa kuwa ving'amuzi vilikuwa na matundu ya AV. Kilicholimaliza ni bei ya TV bapa kushuka, na nafasi sebuleni.

Sasa kwa anayechagua leo. Inchi 14 mpaka 21 zinatosha. Kubwa zaidi ni mzigo wa watu wawili. Soma kibandiko. Kataa zile za 100 Hz zilizouzwa kwa bei ya juu, maana nazo huihifadhi picha kwanza, na bunduki huzikataa kama inavyokataa bapa. Kataa pia chogo fupi za mwishomwisho: nyembamba ndiyo, lakini mistari imepinda pembeni. Ukipata Trinitron ya Sony, aina iliyoanza mwaka 1968, utaona uzi mmoja au nyuzi mbili nyembamba zikikatiza kioo. Si ufa. Ni nyaya za kushikilia wavu wa ndani, na nimewaona watu wakiirudisha TV nzuri kwa sababu yake.

Asiye na nafasi anunue kisanduku cha kubadili ishara, mfano ile OSSC, kinachoielewa mistari 240 bila kuichanganya. Picha inakuwa safi na haichelewi sana. Bata hafi.

Na ukishalibeba chogo nyumbani, lisipowaka usilifungue. Tyubu huweka maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Lete.