Nani Namba Moja?

Huko Marekani timu za vyuo za mpira wa Kimarekani hupangwa kwa kura. Tangu 1936 shirika la Associated Press hukusanya kura za waandishi kila wiki ya msimu: nani wa kwanza, nani wa pili. Ubishi hauishi.

Filbert Bayi, aliyezaliwa kwetu Karatu mwaka 1953, hakuhitaji kura ya mtu. Februari 2, 1974, kule Christchurch, alichomoka mbele mapema, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia! John Walker wa New Zealand alimfuata, naye akiwa ameipita rekodi ya zamani. Mei 1975 Bayi akavunja na ya maili, 3:51.0. Agosti Walker akaichukua kwa 3:49.4.

Basi dunia ikangoja Olimpiki ya Montreal, 1976, ikate shauri. Wapi! Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa Makaburu, nchi nyingi za Afrika zikasusa, Tanzania ikiwemo. Walker akabeba dhahabu kwa 3:39.2. Bayi alikuja kupata medali ya fedha Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, lakini lile swali lilibaki.

Hivyo mbio nazo zikageuka kura. Vijana mnaojifua kwenye mlima wa kwenda Ngorongoro, yangu nampa Bayi. Kama angeshinda, hakuna saa ya kulipima hilo. Ila deni la wenzetu wa Kusini tulilipa taifa zima, na yeye alilipa kwa miguu yake.