Machale Hayachezi Bure

Mtu akisema machale yamemcheza, Waswahili wengi wa leo huelewa kwamba amehisi jambo kabla halijatokea, na aghalabu ni jambo la hatari. Neno lenyewe lina asili ya ngozini. Chale ni mkato mdogo wa wembe, uchanjwao kwa urembo, kwa alama ya ukoo au ili mganga asugue dawa. Aliyechanjwa kwa ajili ya kinga aliaminiwa kuwa shari ikikaribia zile chale humcheza, kama kope inavyocheza, naye akajihadhari. Kwa imani hiyo, hisia ya hatari hakuzaliwa nayo mtu. Ilitiwa mwilini mwake na mwingine aliyeijua hatari kabla yake, tena kwa maumivu. Ukiondoa dawa ya mganga, fikra inayobaki ni nzito: anayehisi amekwisha kufundishwa.

Yuko atakayesema hili ni neno la mitaani lenye harufu ya ushirikina, na kwamba silika au hisia yatosha. Sikubaliani naye. Silika ni tabia ya asili, nayo hisia hubeba kila kitu, hata baridi na njaa. Machale peke yake ndiyo yanayokumbuka kwamba onyo lina chanzo. Hata asiyeamini mganga hulitumia neno hili bila haya.

Tofauti hii ina uzito wa pekee Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, na sasa inahifadhi watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Congo, Burundi na Rwanda. Humo kila mmoja ana neno lake la onyo hilo. Mkongo wa Kivu hana haja ya machale, yeye husema roho ilikatala, yaani ilikataa. Mwenyeji Mchewa atautaja mtima, neno lile lile ambalo washairi wetu wa kale walilitumia kwa maana ya moyo, ilhali moyo kwake ni uhai. Mkalimani aliye katikati yao ana kazi.

Na kazi hiyo si ya kamusi tu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtaka mwomba hifadhi awe na hofu ya kuteswa iliyo na msingi. Mtu akieleza kwamba alikimbia usiku kwa sababu roho ilikatala, halafu ikaandikwa kwamba "alijisikia vibaya", msingi umeshafutwa. Itajibiwa kuwa sheria haiwezi kuamua kwa machale, la sivyo kila mwoga atakuwa mkimbizi. Ni kweli, ushahidi lazima utafutwe. Lakini hata mwongozo wa 1979 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unakubali kwamba yaliyowapata ndugu na marafiki wa mwombaji yanaweza kuonyesha kuwa hofu yake ina msingi. Jirani aliyechukuliwa juzi, duka la binamu lililochomwa, askari walioanza kuuliza majina: hizo ndizo chale zenyewe. Malawi kwenyewe kuna mfano. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warudi kambini. Mei polisi wakaanza kuwaondoa kwa nguvu. Mwenye duka aliyefungasha mali yake katikati ya miezi hiyo angeweza kusema machale yalimcheza, na mtu asingehitaji kwenda mbali kutafuta sababu.

Basi wanaokalimani mahojiano ya waomba hifadhi wasiishie kwenye "alihisi". Wamwulize mhojiwa roho ilikatala baada ya kuona nini, kusikia nini, na nani alikuwa ameumia kabla yake. Kisha waandike jibu lote, kwa maneno yake mwenyewe.